ULIZA ANKO: Kedi anaweza kuwa pro? Na maswali mengine ya gofu

Haya wapendwa, tangu nigusie gofu toleo lililopita inboksi yangu haijapumzika, watu wa mpira wameniuliza mimi nimehamia lini kwa matajiri, nikawaambia wapunguze jazba. Mimi mwenyewe nimekuwa kedi, yaani mbeba begi la fimbo za mchezaji, miaka mitatu nikiwa kijana, klabu sitaitaja, na nilichopata huko ni mgongo unaouma kila mvua ikikaribia na mapenzi ya mchezo ambayo hayajaisha mpaka leo. Kwa hiyo mwezi huu maswali yote ni ya gofu, wa mapenzi na wa mikopo ya sacco nisubirini.

*

Shikamoo anko. Mimi ni kedi hapa Mombasa, nina miaka 19, nabeba mabegi tangu nimalize darasa la nane. Kuna mzee mmoja mwanachama huwa ananihadithia, ameniambia kulikuwa na Mhispania anaitwa Seve Ballesteros, alikuwa kedi kama mimi, akaja Kenya akashinda Kenya Open kabla dunia haijamjua, baadaye akawa bingwa mkubwa kabisa. Wenzangu wananicheka, wanasema mzee ananipa stori tamu ili nisidai bakshishi. Ni kweli au ni stori za jaba? Na je, kedi wa siku hizi anaweza kuwa pro, yaani mchezaji wa kulipwa? – Kedi, Mombasa

Marahaba mwanangu. Mzee wako hakudanganyi ila amepanga miaka vibaya kidogo. Seve alishinda Kenya Open kweli, ni mwaka 1978 pale Muthaiga, jina lake liko kwenye orodha ya mabingwa na yeyote anaweza kwenda kuangalia. Lakini kusema dunia ilikuwa haimjui hapana, wakati anatua Nairobi alikuwa na miaka 20 au 21 hivi na tayari alikuwa ameongoza jedwali la hela za zawadi la Ulaya mara mbili mfululizo, 1976 na 1977, na huo mwaka wa 1978 akaongoza tena mara ya tatu. Kilichokuwa bado ni taji kubwa, yaani moja ya yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya gofu, lile la kwanza alilipata mwaka uliofuata. Na bakshishi yako dai tu, haihusiani na Seve.

Sasa hiyo ya ukedi ndiyo imenyooka kabisa. Jamaa kazaliwa Aprili 1957 Pedreña, kijiji cha wakulima na wavuvi kaskazini mwa Hispania, upande wa pili wa ghuba ukitazama mji wa Santander. Shamba la kwao lilipakana na uwanja wa gofu, na uwanja wenyewe ulikuwa wa wenye nazo, watoto wa kijijini waliingia mle kama wewe unavyoingia, na begi la mtu begani. Nyumba nzima ilikuwa ya gofu, kaka zake Baldomero, Manuel na Vicente wote walikuja kuwa mapro, na mjomba wake ndugu wa mama, Ramón Sota, mwaka 1965 alimaliza wa 6 kule Marekani kwenye Masters, moja ya hayo mataji makubwa. Kwa hiyo tukisema alitoka bila kitu tuongeze pia kwamba alikuwa na watu wa kumwonyesha mlango uko wapi, wengi wetu hatuna, na mimi huwa nakasirika mtu akisimulia hii hadithi akimruka mjomba.

Fimbo yake ya kwanza ya maana ilikuwa chuma namba 3, moja tu, ya kaka yake. Kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kucheza uwanjani ovyo alikwenda ufukweni, maji yakitoka, anapiga mpira kwenye mchanga. Wewe ni kedi unajua chuma namba 3 ni fimbo ya nini, ni ya kwenda mbali na chini, hakuna mtu mwenye akili anaitumia kutoa mpira kwenye banka, lile dimbwi la mchanga, wala kuudondosha polepole kwenye grini, zile nyasi fupi kabisa zenye shimo, sasa yeye alilazimika kufanya yote hayo na hiyo hiyo, akiulaza uso wake hivi na akiufunga hivi, mpaka mikono ikajua. Usiku wa mbalamwezi alipenya uwanjani kuiba mashimo mawili matatu. Miaka 12 akashinda mashindano ya makedi ya pale klabuni, na Machi 1974 akawa pro, hajafikisha miaka 17.

Miaka miwili baadaye, 1976, Open ya Uingereza, nayo ni taji kubwa, ikachezwa uwanja wa Royal Birkdale, kijana ana miaka 19, Kiingereza cha kuombea maji, anaongoza mpaka siku ya mwisho. Siku ya mwisho Johnny Miller akamtoka kwa mbali, lakini angalia shimo la 18. Mpira wake uko kando ya grini na mbele yake kuna mabanka mawili, katikati yao kanjia kembamba. Mtu mwingine yeyote angeurusha juu upite mabanka. Yeye akaubiringisha kupitia kale kanjia, ukatoka upande wa pili ukasimama karibu na shimo, akamaliza wa pili sawa na Jack Nicklaus. Hiyo mipigo ya kubiringisha kwenye ardhi ngumu hakufundishwa na kochi yeyote, ni ya ufukweni.

Baada ya hapo ni mvua ya makombe: Open ya Uingereza 1979, 1984 na 1988, Masters 1980 na 1983, na hiyo ya 1980 alikuwa Mzungu wa kwanza wa Ulaya kuvaa koti la kijani la bingwa wa Masters. Kwenye European Tour, mzunguko wa mashindano ya Ulaya, peke yake alishinda mara 50 na mpaka leo hakuna aliyefika hapo.

Sasa swali lako lenyewe, wa siku hizi anaweza? Usiende mbali, Dismas Indiza wa Mumias alianzia kwenye ukedi na amekuwa miongoni mwa mapro wanaojulikana zaidi Kenya kwa miaka mingi. Ángel Cabrera wa Argentina alikuwa kedi kule Córdoba, akachukua US Open 2007 na Masters 2009. Kwa hiyo ndio inawezekana, lakini nisikufiche mwanangu, wakati wa Seve washindani wake wengi walikuwa watoto wa uwanjani kama yeye, siku hizi unakutana na kijana ametoka chuo kikuu cha Marekani, ana kochi wa mpigo, ana mtu wa mazoezi ya mwili, ana mashine inamwambia mpira umezunguka mara ngapi hewani. Wewe ulichonacho ambacho yeye hana ni kwamba umeshaona mipira elfu na elfu ikipigwa vibaya na watu wa kila aina na unajua kila mmoja ulikwenda wapi na kwa nini. Hicho si kidogo.

Cha kufanya: klabu nyingi zina siku makedi wanaruhusiwa kucheza, mara nyingi Jumatatu, usiikose hata moja. Omba huyo mzee akusaidie upate hendikapu rasmi, ile namba ya kiwango chako ambayo ikishuka ndiyo umezidi kuwa mzuri, maana bila hendikapu wewe ni hadithi tu. Ukifika karibu na sifuri, na namaanisha sifuri kwa kadi zilizosainiwa si sifuri ya mdomo, nenda kaongee na chama cha mapro wa Kenya, PGK, wakueleze mtihani wao. Na mazoezi mengi fanya karibu na grini, mita 50 kurudi ndani, kupiga mbali kila kijana anajua.

*

Kaka habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Moshi. Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha tano na anacheza gofu ya ridhaa vizuri tu, makombe ya vijana ameleta nyumbani. Sasa anasema anaacha shule awe mchezaji wa kulipwa. Amenionyesha kwenye simu mshindi wa Kenya Open kapewa zaidi ya dola laki nne kwa siku nne. Baba yake naye yuko upande wake, nimebaki peke yangu. Naomba uniambie ukweli kuhusu hizo hela. – Mama wa Moshi

Dada yangu pole, na hongera kwa kijana. Hizo hela ni za kweli. Mwaka 2024 zawadi yote ya Kenya Open ilikuwa dola milioni 2.5 na mshindi, Mholanzi Darius van Driel, aliondoka na dola 425,000. Ndivyo ilivyo kwenye mzunguko wa Ulaya, mshindi anabeba asilimia 17 hivi ya mfuko.

Ila mwambie kijana aendelee kuiteremsha hiyo orodha kwenye simu mpaka chini kabisa, kule ambako hakuna picha. Mashindano ni siku nne, Alhamisi mpaka Jumapili, wanaanza watu zaidi ya 140. Baada ya siku mbili kuna mchujo, wanabaki 65 wa juu na waliofungana nao. Waliobaki nje, kwenye huo mfuko wa zawadi wanapata sifuri. Si hela kidogo, ni sifuri. Na tiketi ya ndege alilipa mwenyewe, hoteli mwenyewe, viza mwenyewe, na kedi wake lazima alipwe mshahara wa wiki hata kama mpira umekwenda porini siku zote mbili, halafu akipata zawadi anamkatia tena asilimia, kwa kawaida kati ya 5 na 10, hiyo 10 ni akishinda. Mcheza mpira wa miguu akikaa benchi mwezi mzima mshahara unaingia. Mcheza gofu hana benchi, hana mshahara, ni mtu mwenye duka lake mwenyewe na duka lenyewe linahama kila wiki nchi nyingine. Akiumwa, duka limefungwa.

Hata wakubwa waligombana kuhusu hizi hesabu. Huyo Seve niliyemtaja hapo juu, mwaka 1981 akiwa tayari bingwa wa Open na Masters, aliachwa nje ya timu ya Ulaya ya Ryder Cup, lile kombe la Ulaya dhidi ya Marekani, baada ya mzozo na viongozi wa mzunguko kuhusu hela za kualikwa, yaani ile pesa mwandaaji anakupa ili tu ufike uonekane. Waamerika walikuwa wakilipwa wakija Ulaya, yeye akauliza mimi je. Binafsi naona alikuwa na haki, lakini faida ya haki yake mwaka huo ilikuwa kukaa nyumbani anaangalia wenzake wakichapwa.

Sasa kuhusu kupata hiyo nafasi ya kucheza. Huamki asubuhi ukaingia kwenye mzunguko wa Ulaya, kuna shule ya kufuzu, inaitwa shule lakini ni mtihani tu, na hatua yake ya mwisho ni raundi sita, mashimo 108, mamia ya watu wamechujwa kabla ya kufika hapo na wanaotoka na kadi ni wachache. Kwa watu wetu njia ya karibu ni Afrika Kusini, Sunshine Tour, nao sasa wana mfululizo wa mashindano ya maendeleo huku kwetu Afrika Mashariki unaotoa nafasi kwa wanaofanya vizuri. Hapo ndipo pa kuanza kutazama, si kwenye dola laki nne.

Lakini dada, ukitaka kumshinda huyo kijana na baba yake usiwapige kwa hofu, maana mtoto wa kidato cha tano haogopi kitu. Wapige kwa hoja hii moja: vyuo vikuu vya Marekani vinatoa ufadhili wa masomo kwa wanaocheza gofu, na vinachukua watu wa ridhaa tu. Siku anapojitangaza kuwa pro na kupokea zawadi, huo mlango umejifunga nyuma yake. Tiger Woods mwenyewe alikaa Stanford miaka miwili kabla ya kuwa pro 1996, na hakuna anayesema alichelewa. Amalize kidato cha sita akiwa wa ridhaa, acheze kila mashindano ya wazi yanayoruhusu, kwenye viwanja kama TPC, Arusha, Lugalo, Dar Gymkhana, avuke mpaka aende Kenya na Uganda akapigwe huko, kisha akiwa na cheti mkononi muongee tena. Na baba yake muulize nani atalipa tiketi ya kwanza, maana akina baba tuna kawaida ya kuunga mkono vitu kwa mdomo.

*

Anko wewe na huyo Seve wako mnatuchosha. Hiyo Open ya 1979 si alipiga mpira ukaenda kwenye maegesho ya magari akaokolewa na bahati? Mimi hendikapu yangu 22 na napiga kwenye maegesho kila Jumamosi, mbona sijawahi kupewa kombe? – Hendikapu 22, Thika

Haha, wewe nimekupenda. Hata wapo waliomwita hivyo hivyo, bingwa wa maegesho, na yeye hakufurahi.

Ilikuwa Royal Lytham, siku ya mwisho, shimo la 16. Draiva yake, yaani mpigo wa kuanzia shimo, ikaenda kulia ikatua kwenye kiwanja kilichokuwa kimepakiwa magari. Kanuni inakuruhusu kuudondosha mpira pembeni ya gari bila adhabu, akaudondosha, akapiga mpaka kwenye grini, akasukuma mpira wa mbali ukaingia, shimo likaisha mkwaju mmoja chini ya kiwango. Akashinda kwa mikwaju mitatu, nyuma yake Nicklaus na Ben Crenshaw. Mikwaju mitatu bwana, hata ukimnyima hilo shimo bado kombe ni lake.

Na tofauti yako wewe na yeye haiko kwenye kufika maegesho, hapo mko sawa. Iko kwenye mpigo unaofuata. Wewe ukitoka hapo Jumamosi nadhani unakwenda kwenye banka, halafu banka la pili, halafu kaunta.

Nikupe nyingine ambayo hakushinda, ili usiseme namsifia makombe tu. 1993, Crans, Uswisi, shimo la mwisho siku ya mwisho. Mpira umelala nyuma ya ukuta mrefu, ukuta uko karibu kabisa, juu kuna matawi ya miti, ng'ambo kuna bwawa la kuogelea. Kedi wake, Billy Foster, anamsihi autoe pembeni tu warudi kwenye nyasi fupi. Seve amechuchumaa anachungulia, ameona katundu kati ya ukuta na matawi. Kedi anazidi kusihi. Akaupiga, ukapanda juu ya ukuta, ukapita kwenye kale katundu chini ya matawi, ukavuka bwawa, ukatua karibu na grini, na kutoka hapo akauingiza shimoni moja kwa moja. Akamaliza wa pili. Wa pili! Na watu wanaosimulia Crans ya mwaka huo wengi hawamtaji aliyeshinda, alikuwa Barry Lane, maskini, kafanya kazi yake vizuri kabisa na anakumbukwa kama mtu wa pembeni kwenye hadithi ya ukuta.

Wewe wa Thika usijaribu hiyo. Toa pembeni.

*

Ndugu mwandishi, mimi nina miaka 41, nimeanza gofu mwaka jana baada ya kupandishwa cheo kazini, na walimu wangu wanasema nina kipaji. Kuna umri wa mwisho wa kuwa pro? – Bosi, Dar

Hongera kwa cheo. Umri wa mwisho hakuna, na kwa kuwa umetaja 41 basi umegusa namba ya Vijay Singh. Huyu ni Mfiji, kazaliwa Lautoka 1963, baba yake fundi wa ndege aliyefundisha gofu pembeni, akawa pro 1982 na kuna kipindi alikuwa anafundisha watu gofu kwenye klabu moja huko Borneo katikati ya misitu, akipiga mipira peke yake baada ya kazi. Afrika ilimbeba pia, 1988 alishinda Nigerian Open kabla ya Ulaya kumpokea. Sasa mwaka 2004, akiwa na miaka 41, alishinda mara 9 kwa mwaka mmoja kwenye PGA Tour, mzunguko wa Marekani, likiwemo taji lake la tatu kubwa, akavuka dola milioni 10 za zawadi, na Septemba akamng'oa Tiger Woods kwenye namba moja ya dunia. Kwenye mataji yake 34 ya PGA Tour, 22 yalikuja baada ya kutimiza miaka 40.

Kwa hiyo 41 si kikwazo. Kikwazo ni kwamba Vijay alipofika 41 alikuwa amepiga mipira kila siku kwa zaidi ya miaka 25, anajulikana kwa kubaki kwenye uwanja wa mazoezi mpaka giza, na wewe umeanza mwaka jana. Halafu hao walimu wanaosema una kipaji, nani anawalipa? Cheza bosi, furahi, kazi usiache.

*

Anko, sasa huyo Seve aliishia wapi? Nimeangalia orodha ya makombe yake, 1995 halafu hakuna kitu, na alikuwa bado kijana. Alichoka? – Msomaji, Nakuru

Hili ndilo swali nililokuwa naliogopa kidogo. Kombe la mwisho ni Spanish Open 1995, ana miaka 38, umri ambao Vijay alikuwa bado hajafika kileleni.

Mgongo. Tangu ujanani mgongo ulimsumbua, na mpigo wake ulikuwa wa kujirusha mwili mzima, mzuri kwa macho lakini una bei. Draiva ikaanza kwenda kila upande. Mwanzoni ilikuwa kawaida yake, mpira porini halafu muujiza, ila muujiza unahitaji mwili uinamie mahali pabaya na usimame tena, mara 10 kwa siku, siku nne. Akabadilisha makochi, kila mmoja akamwambia lake, na mtu aliyejifundisha mwenyewe ufukweni na chuma kimoja akajikuta katikati ya mpigo anawaza kiwiko kiko wapi. Hayo ni maoni yangu, lakini nimeona makedi wawili watatu wameharibika hivyo hivyo baada ya kupata mfadhili na video.

Na kabla ya hapo kulikuwa na vidonda vya aina nyingine. Masters 1986 alikuwa anaongoza, shimo la 15 akapiga chuma namba 4 ndani ya maji, Nicklaus mwenye miaka 46 akampita. Mwaka uliofuata akatolewa kwenye mashimo ya ziada ya waliofungana pale pale, shimo la kwanza tu, akaanza kupanda kilima kurudi klabuni analia. Wapo wanaosema aliacha kitu chake kwenye yale maji, ila 1988 alirudi Lytham akafunga na mikwaju 65 siku ya mwisho akamshinda Nick Price wa Zimbabwe, kwa hiyo mimi siungi mkono sana hiyo.

Kilichomweka hai kwenye miaka mibaya ni Ryder Cup. Yeye na José María Olazábal walicheza pamoja mara 15, wakashinda 11, sare 2, wakapoteza 2, hakuna jozi iliyowahi kufanya hivyo. Na 1997 Ryder Cup ilipokwenda Hispania kwa mara ya kwanza, Valderrama, alikuwa nahodha asiyecheza, anazunguka na kigari cha gofu kila shimo kuwaelekeza wachezaji wapige fimbo gani, mpaka wenyewe wakawa wanamkimbia. Ulaya ikashinda.

Open yake ya mwisho ilikuwa 2006 Hoylake, akiwa na mwanawe mkubwa amembebea begi. Hakupita mchujo. 2007 akatangaza kustaafu. Oktoba 2008 akaanguka uwanja wa ndege wa Madrid, ikaonekana ni uvimbe kwenye ubongo, akapasuliwa zaidi ya mara moja, na tarehe 7 Mei 2011 akafariki nyumbani kwake Pedreña, kijiji kile kile, miaka 54. Mwaka uliofuata Olazábal akiwa nahodha wa Ulaya kule Medinah, timu iko nyuma 10 kwa 6 siku ya mwisho, wameweka picha ya Seve kwenye nguo zao, wakashinda 14.5 kwa 13.5. Olazábal alilia mbele ya kamera na mimi nililia mbele ya tivii, mke wangu akaniuliza nani amekufa nikamwambia alishakufa mwaka jana.

*

Ya haraka haraka

*Msichana wa Kilifi, miaka 15, anauliza kama wanawake wana nafasi:* Binti yangu uko mlangoni kabisa. Vipingo hapo kwenu ilichezwa Magical Kenya Ladies Open ya kwanza Desemba 2019 na aliyeshinda ni Esther Henseleit, Mjerumani aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza upro, mwaka 2024 kachukua fedha ya Olimpiki ya Paris. 2024 hapo hapo Vipingo akashinda Shannon Tan wa Singapore, kijana mdogo tu. Wakija tena omba kazi ya kujitolea ndani ya kamba, utawaona kwa hatua mbili.

*Eldoret, anauliza kama kuna Mkenya amewahi kushinda Kenya Open tangu ianze 1967:* Bado. Aliyekaribia mpaka tukasimama ni Jacob Okello 1998, alifika mashimo ya ziada na Ricardo González wa Argentina, akapoteza.

*Tanga, anauliza mchezaji akichelewa kufika uwanjani anafanywa nini:* Anatolewa. US Open 1980 Seve, miezi miwili tu baada ya kuvaa koti la kijani, alichelewa muda wake wa kuanza raundi ya pili na akaondolewa kwenye mashindano, ubingwa wake wa Masters haukumsaidia kitu.

*Kisumu, anauliza kwa nini glovu wanavaa mkono mmoja:* Kwa sababu mkono wa juu kwenye fimbo ndio unaoshika kwa nguvu zaidi. Na wakifika kwenye grini wanaivua, usidhani imepotea, iko mfuko wa nyuma.